Mpira Mweusi Uliobaki Mezani

Mwanangu,

Umekwenda kunyolewa Kebirigo, na kwa jinsi kinyozi wako anavyopenda hadithi, najua hutarudi kabla ng'ombe hajakamuliwa. Nimeketi jikoni kwenye kiti chako. Mke wako anapiga pasi shati lako la buluu, lile ambalo tayari lilikuwa limepigwa pasi, na kila nikitaka kumsaidia ananifukuza. Nikasema basi, wacha nikuandikie.

Mtu akiiokota barua hii njiani atadhani nimechanganyikiwa. Msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, anamwita baba yake mzazi "mwanangu"! Lakini wewe na mimi tunaelewana. Mama yako, Kerubo, alifariki kabla sijazaliwa. Nilipozaliwa ukanipa jina lake, na pamoja na jina ukanipa nafasi yake. Tangu nilipoanza kusikia, unaniita Mama. Siku nilipovunja kikombe cha wageni na kiboko kikatafutwa, ulisimama mlangoni ukasema, "Nani atamchapa mama yangu nikiwa nimesimama hapa?" Nilikuwa mdogo sana, lakini siku hiyo nilijiona mrefu kama mkaratusi.

Jana tukila ulinigeukia mbele ya wote. "Mama, mwanao anasafiri. Hata neno moja huna?" Wakacheka. Mimi nikatazama ugali. Unajua nilivyo. Shuleni mwalimu aliuliza swali, jibu nikawa nalo, nikalikalia mpaka mwingine akasimama akalisema vibaya. Jana pia neno nilikuwa nalo, mwanangu. Lilikuwa kubwa kuliko koo langu.

Habari za sweta, za kushika simu vizuri mjini, za kutafuta kanisa kabla ya Sabato ya kwanza, hizo mke wako amekwisha kukuambia mpaka umezikariri. Mimi nataka tuzungumze juu ya ule mpira mweusi.

Najua hupendi. Tangu ile Jumapili ya Desemba, mtu akiutaja unakumbuka ghafla kwamba hujaenda kuangalia majani chai. Lakini juzi nilikuwa nyuma ya zizi ukiongea kwa simu na Odhiambo, mwenzako wa klabu, na nilikusikia. "Wamenialika kucheza, ndiyo. Lakini nikifika nitawaomba kazi ya kutunza meza. Kucheza basi." Nilishtuka hata maziwa yakamwagika kwenye viatu vyangu. Watu wa Nairobi wanakuita ukajaribiwe kwa timu ya snuka itakayokwenda kucheza nje ya nchi, na wewe unataka kwenda kuwapigia pasi kitambaa cha meza!

Wacha nianze mbali kidogo.

Mara ya kwanza ulinipeleka klabu mjini Kisii nikiwa bado shule ya msingi, wakati wa likizo. Mke wako wakati huo aliamini ni nyumba ya kamari, akaniombea kabla sijatoka nyumbani. Nakumbuka nilivyosimama mlangoni. Sikuwa nimewahi kuona meza kubwa kuliko jiko letu, tena imevikwa kitambaa cha kijani kama shamba la chai baada ya mvua. Wewe ndiye uliyekuwa ukikipiga brashi na pasi, na kuandika pointi za wanachama wakicheza snuka. Ulinisimamisha juu ya kreti ya soda, ukanipa chaki, ukasema niandike mimi.

Ulinifundisha polepole. Mpira mwekundu ni pointi moja. Ukiuingiza mfukoni unaruhusiwa mmoja wa rangi, nao wa rangi hurudishwa mezani mpaka wekundu wote waishe. Mweusi ndio mkubwa, una saba. Nikakuuliza, "Na mtu akichukua mweusi baada ya kila mwekundu, halafu amalize zote bila kukosa?" Ukaniambia, "Jumlisha." Nikajumlisha pale ubaoni, nikafuta, nikajumlisha tena. Mia moja arobaini na saba. "Haiwezi kupita hapo," ukasema. "Hapo ndipo juu kabisa."

Jioni ukanionyesha kwenye simu wale wachezaji wa kulipwa wa ng'ambo, wamevaa vizibao na tai ndogo kama wasimamizi wa harusi. Nilimwona mmoja akiifanya. Ukumbi wote ulinyamaza. Mpinzani wake alikaa kwenye kiti na glasi ya maji, hana la kufanya, na mwishoni akainuka kumpa mkono. Ukasema, "Unaona, Mama, hapo mtu hashindani tena na mtu. Anashindana na mkono wake mwenyewe." Ukanionyesha na mwingine, hodari kupita kiasi, aliyebakiza mweusi wa mwisho akataka kuondoka kwa sababu hakukuwa na zawadi ya kufikisha pointi hizo, mwamuzi akamsihi aupige kwa ajili ya watu waliokuja kutazama. Ulicheka sana. "Mtu mzima na akili zake anaachaje mweusi mezani?"

Nimelikumbuka swali lako hilo mara nyingi tangu Desemba.

Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsaidia Nyanya, mama wa mke wako, kuuza ndizi za Krismasi karibu na lango la klabu. Alikuwa ametoka nazo kwake Birongo asubuhi, mvua imenyesha, matope mpaka magotini. Wanachama wakaagiza ndizi mbivu, nikatumwa kuzipeleka ndani. Mlikuwa mnaanza fainali ya klabu, wewe, mtunza meza wao, na Odhiambo wa duka la spea. Nikajibanza kando ya ubao, pale pangu pa zamani.

"Mkisii," Odhiambo alikuwa anasema, akipaka fimbo yake chaki, "leo nitakupeleka ziwani ukajifunze kuogelea."

Ukamrushia ndizi. "Kula hiyo kwanza, Baba Akinyi, upate nguvu ya kukaa. Maana leo utakaa."

"Nikae nimefanya nini?"

"Utaniangalia."

Watu wakacheka. Odhiambo akafungua mchezo, akaacha mwekundu mmoja wazi karibu na mfuko, na kweli akaenda kukaa.

Mwekundu, mweusi. Mwekundu, mweusi. Mwanzoni watu waliendelea kuongea habari zao. Halafu mtu mmoja akanyamaza, na aliyekuwa karibu naye akanyamaza pia, mpaka nikawa nasikia mvua kwenye mabati. Nilikuwa naandika pointi na chaki inateleza kwa jasho. Hukuwa unatutazama. Ulikuwa unazunguka ile meza kama unavyozunguka shamba lako, bila haraka, unajua kila mche ulipo. Mwekundu wa mwisho ulipoingia, na mweusi baada yake, Odhiambo alivua kofia akaiweka kwenye goti. Mdomo wangu ulikuwa wazi na sikuweza kuufunga. Baba yangu! Mtu ninayemfulia soksi!

Zilibaki rangi sita tu, kila moja mahali pake. Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya maishani. Nilitupa chaki nikakimbia, nikapita katikati ya watu wazima bila kuomba radhi, mpaka langoni.

"Nyanya! Njoo! Njoo uone!"

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Nyanya, njoo tu!"

Akamwachia jirani ndizi zake, nikamvuta mkono. Tulifika mlangoni ukiinua kichwa baada ya kuingiza ule wa waridi. Mia moja na arobaini. Umebaki mweusi peke yake.

Mwanangu, nilimleta kama nyanya yangu. Nilisahau kwamba ni mama mkwe wako.

Mimi niliyelelewa na chinsoni, zile sheria zetu za heshima! Mimi ninayejua kwamba kwetu mume hamshiki mkono mama wa mkewe, hawakai benchi moja, na hawezi kujinyoosha wala kuinama akimpa mgongo. Hata anapokuja hapa nyumbani, wewe unazungukia nyuma ya jiko ili msikutane kwenye njia nyembamba. Tangu utoto nimewaona mkiheshimiana kwa mbali, mnatumiana salamu kupitia kwangu. Na siku ile yote hayo yalinitoka kichwani kwa furaha.

Mweupe ulikuwa umesimama katikati ya meza, mbali na kila ukingo. Mweusi ulikuwa umenyooka na mfuko wa pembeni. Lakini kuufikia mweupe ilibidi ulale juu ya meza na mguu mmoja uupandishe ukingoni, na mgongo wako wote, na vilivyo chini ya mgongo, vielekee mlangoni. Hata kwa kile kijiti cha kuegemezea fimbo, bado ungeinama. Ulikuwa umekwisha kuinua mguu. Ukageuza shingo kidogo tu, ukatuona.

Mguu ulishuka kama umekanyaga makaa. Uliilaza fimbo kando ya meza taratibu, ukampa Odhiambo mkono, ukatokea mlango wa jikoni.

Nimeona watu wakishtuka msibani na nimeona wakishtuka radi ikipiga. Sijaona mshtuko kama ule. Mpira mweusi ulikuwa pale, unang'aa, hakuna aliyeusogelea.

"Ni presha! Presha imemshika!"

"Ama ni tumbo?"

"Jamani, umenyooka hivyo, hata mimi ningeuingiza na ufagio!"

Mmoja alikuwa bado ameinua simu anarekodi, haoni aibu. Wengi walikuwa Wakisii kama sisi, lakini hakuna aliyemjua Nyanya. Waliona mama wa ndizi tu. Ni Odhiambo aliyetazama mweusi, akatazama mlango, akamtazama Nyanya, akanijia.

"Huyo mama ni nani?" akaninong'oneza.

"Nyanya. Mamake mama."

Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe Kerubo! Mimi nina mama mkwe kule Homa Bay. Angeingia hapa saa hii ningetoka kwa dirisha, na dirisha lenyewe lina vyuma."

Nilipogeuka Nyanya hakuwepo. Alikuwa amerudi kwa ndizi zake. Hakuniuliza kitu mchana kutwa, nami nikadhani ni kwa sababu haujui mchezo.

Kumleta lilikuwa kosa, na kila mtu anajua ni mimi. Lakini kosa hilo nililifanya nikikimbia, nikiwa na furaha. Linalonisumbua ni lile nililolifanya baadaye nikiwa nimetulia kabisa. Wewe hukusema neno. Yeye hakuuliza. Mimi nilikuwa katikati yenu na jibu mkononi, nikalikalia kama darasani. Nilijiambia kwamba watu wazima wanajua mambo yao. Nimegundua hawajui, mwanangu. Nisamehe kusema hivyo.

Kwa maana Nyanya ameacha kuja. Hujaona? Alikuwa akija kila baada ya Sabato kadhaa na ndizi zake kichwani. Tangu Desemba anasema ni magoti. Na wewe, nilikuja klabu mwezi uliopita nikakutazama ukifanya mazoezi peke yako. Unamaliza rangi zote vizuri. Ukifika kwenye mweusi unatazama mlango, halafu unakosa. Odhiambo ameliona hilo pia. "Baba yako ni mchezaji wa kulipwa mpaka kwenye waridi," aliniambia. "Kwenye mweusi anakuwa mlinzi wa lango."

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, niliposema naenda kumwona rafiki yangu, nilikwenda Birongo.

Nyanya alikuwa anamenya ndizi nje ya jiko. "Kerubo, umetumwa ama umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi kaa. Mbona unatetemeka kama umeiba kuku?"

Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima, na yote yakapotea isipokuwa moja. Nikasema, "Leo sikuja kama mjukuu wako. Nimekuja kama mama yake."

Akaacha kumenya. Akanitazama kutoka nywele mpaka viatu. Nilidhani atanicheka, na kama angecheka ningekimbia. Badala yake akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kiti chenye mgongo anachowapa wageni wa heshima, akakifuta kwa leso. Mimi, kiti kile!

"Karibu, mkwe mwenzangu," akasema. "Mwanao amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nataka kujua siku ile klabu uliona nini."

Alichukua ndizi nyingine akaimenya yote kabla ya kunijibu.

"Niliona gambuti zangu," akasema.

"Gambuti?"

"Sakafu inang'aa, watu wote wamevaa viatu, na mimi nimesimama na gambuti za matope, nanuka shamba. Mwanao akainua macho akaniona. Akaweka kijiti chake chini, akaondoka. Nikaelewa. Mtu amefika mahali pa watu wakubwa, halafu mama mkwe anamfuata mpaka huko. Sikumkasirikia. Nilisema tu, sitamwaibisha tena."

Mwanangu! Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima kichwani. Uliacha kitu kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kushika, uliacha kwa ajili ya heshima yake, na yeye akarudi Birongo akiamini umemwonea haya. Miezi yote hii! Na neno moja la mtu yeyote lingetosha.

Sikuweza kueleza kwa mdomo. Nilichukua ufagio, nikaenda kwenye meza yake ya kuanikia vyombo, nikainama kama unavyoinama wewe, nikapandisha mguu mmoja juu, na kumpa mgongo. "Ilibidi afanye hivi, Nyanya. Hivi. Mbele yako."

"Uuui!" Alijifunika uso kwa leso. "Mguu juu ya meza?"

"Juu ya meza."

"Na makalio huku?"

"Huku kwako, Nyanya."

"Shuka! Shuka, mtoto wewe!" Lakini alikuwa anacheka, mwanangu. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini. "Angeinama hivyo mbele yangu ningehama Birongo!" Halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akaketi. "Kwa hiyo aliacha hiyo kitu yake kubwa kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikasema ni gambuti." Akajifuta macho kwa leso. Kisha akakasirika kidogo, unamjua. "Lakini si angekohoa tu? Ningegeuka nikatazama ukuta. Ukuta si upo kila mahali?"

Ndilo neno lililokuwa kooni mwangu jana, mwanangu. Nimebeba salamu zake wiki nzima, naogopa nikizisema mbele ya watu nitalia, au wewe utakwenda kuangalia majani chai. Sasa zisikilize.

Nyanya ameniuliza utacheza lini. Nimemwambia ni Jumapili, na Odhiambo, anayesafiri nawe, atanipigia simu mechi ikianza na ikiisha, nami nitakuwa hapo kwake. Akaniuliza Nairobi iko upande gani. Nikamwonyesha, kule jua linakotoka, juu ya migomba yake. Akainua kile kiti cha wageni mwenyewe, akakigeuza kikatazama ukuta wa jiko, akaketi, mgongo kwa Nairobi, mikono magotini. Akajaribu hivyo kwa muda, kama mtu anayepima viatu.

"Mwambie mwanao," akasema akiwa bado anatazama ukuta, "Jumapili nitakaa hivi. Sitageuka mpaka Odhiambo wako apige simu kusema imekwisha. Akikosa, akose yeye, asikose kwa ajili yangu. Na akirudi apite kwa njia, asizunguke nyuma ya jiko kama mwizi. Ndizi zake zitakuwa zimeiva."

Mimi sikuombi ulete mia moja arobaini na saba. Hata wale wenye vizibao huipata siku chache tu katika maisha yao, na siku nyingi hukosa. Pengine Jumapili hutaufikia mweusi kabisa. Lakini usiende kupiga pasi kitambaa cha watu wengine wakati umeitwa kucheza.

Nasikia mke wako akikusalimia nje. Kinyozi amekuharibu, anasema. Nitaikunja barua hii niiweke kwenye mfuko wa shati la buluu, na nitatoka nikupokee bila kusema kitu, kama kawaida yangu.

Ukifika kwenye ule mweusi, usitazame mlango. Hakuna mtu mlangoni. Kuna mama mkwe wako Birongo, anatazama ukuta.

Inama, mwanangu.

Mama yako,
Kerubo